Kisiwa Kilichosikika Kisii

Jericho, Nairobi
Jumanne, 17 Juni 2025

Mdogo wangu mpendwa Wachira,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umeshiba, na hujachomwa na nyaya za umeme za hiyo hoteli yenu. Sisi huku Jericho hatujambo, tunamshukuru Mungu. Baridi ya Juni imeshika, mama anavaa sweta mbili na bado analalamika, maji yanatoka kwenye mfereji Jumanne na Ijumaa peke yake, na goti lake la kushoto limetulia tangu aanze kulisugua kwa ile dawa uliyotuma. Presha yake pia iko chini. Habari za presha nitazirudia baadaye, maana ina kesi ya kujibu.

Najua unashangaa kwa nini nimeandika kwenye karatasi wakati simu ipo. Nimempa Liseti aibebe mkononi, na nimemwomba akukabidhi kabla hajaanza kukusimulia lolote. Yeye na mama yake wanapanda ndege kesho asubuhi. Kwenye simu ungenikatiza, ungefoka, nami ningejitetea, na unajua nikianza kujitetea hakuna wa kunishika. Kwa hiyo kaa chini usome. Habari yenyewe ni njema, nalisema hilo mapema usije ukaanguka huko peke yako: mama amekubali. Amekubali kwa kinywa chake, mbele ya watu, akiwa na akili zake timamu. Mimi mwenyewe tangu Jumamosi napumua kama mtu aliyetua gunia la viazi.

Lakini ilikuwa karibu sana kuharibika, na ningekuwa ni mimi niliyeiharibu.

Unakumbuka ile Jumapili ya Februari ulipompigia mama kumwambia umepata mchumba. Mimi ulikuwa umenidokeza siku mbili kabla, kwamba anaitwa Liseti, mzaliwa wa huko huko Shelisheli, mtoto wa pekee, mwalimu wa chekechea. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, simu ameibana sikioni, na laini ilikuwa inakatakata. Ulimwambia ni msichana wa kisiwa. Mama akauliza kwa sauti kama ni wa Kisii. Wewe nadhani hukusikia vizuri, ukarudia kwamba ndiyo, wa kisiwa. Akakata simu akapiga vigelegele, na mimi, nikiwa nakata sukuma wiki, nikajua papo hapo kwamba amesikia Kisii.

Nilifungua mdomo nimrekebishe. Lakini alikuwa ameshaanza kupanga safari. Unalijua lile sharti lake, ametuimbia tangu tukiwa shule ya msingi: mtoto wake aoe kabila lolote na dini yoyote, mradi kwao ni mahali anapoweza kwenda kwa basi na kurudi. Ndege hataki hata kuisikia, na meli ndiyo kabisa. Sasa hapo jikoni akawa anasema Kisii ni karibu, unapanda basi asubuhi na saa nane unakula ndizi kwa wakwe, Mungu amemkumbuka. Nikafunga mdomo. Jioni uliponiandikia kuniuliza kama mama ameelewa vizuri, nilikujibu ameelewa na amefurahi sana. Kufurahi kweli alifurahi.

Ningeweza kumweleza kesho yake, au wiki iliyofuata. Ulinikumbusha mara tatu, na mara zote tatu nikakujibu kwamba nimeshamweleza kila kitu. Nilijiambia ninaogopa presha yake. Naye mama hakupoteza wakati. Alimwendea Nyaboke, yule jirani wetu anayeshona sare za shule, akamwomba amfundishe mambo ya Kisii. Akajifunza salamu. Akajifunza kupika ugali wa wimbi usiokuwa na madonge. Picha ya Liseti waliiweka juu ya cherehani wakaichunguza wote wawili, wakakubaliana kwamba hilo paji la uso ni la Kisii halisi, pengine upande wa Nyamira. Kilichomsumbua mama ni jambo moja tu, kwamba msichana hajatajiwa jina lake la nyumbani, ana la ubatizo peke yake. Nyaboke akamwambia vijana wa siku hizi ndivyo walivyo.

Kisha mwezi wa Mei ukaniletea ile habari kwamba Mama Liseti hawezi kumtoa binti yake wa pekee bila kuja kuiona nyumba anayokwenda kuolewa, kwamba watakuja wote wawili katikati ya Juni, na kwamba wewe likizo yako ni Desemba na mkubwa wako amekataa kuisogeza. Ukaniambia Mama Liseti hajui Kiswahili, anasema Krioli, Kifaransa na Kiingereza, na mama naye Kiingereza chake unakijua kinapoishia. Ukasema hakuna shida, Shiku yupo, Shiku ndiye mkalimani. Ulisema vizuri. Miaka kumi na moja sasa ninasimama katika mahakama za Makadara, nageuza Kikuyu kuwa Kiingereza na Kiingereza kuwa Kiswahili, na kila mara naapa kwamba nitatafsiri kwa ukweli na uaminifu. Sijawahi kumwongezea mshtakiwa hata neno moja. Ninachokuja kukuambia sasa nilikifanya nyumbani kwetu, kwenye kochi letu, bila kiapo.

Walifika Alhamisi, wakalala kwenye nyumba ya wageni ya Buruburu kama tulivyopanga, na Jumamosi saa tano asubuhi wakaingia Jericho. Mama alikuwa amesuka nywele. Alisimama mlangoni akanyoosha mikono yote miwili akasema kwa sauti ya kanisani, "Bwakire buya!" Mama Liseti ni mwanamke mrefu, mpole, mwenye miwani yenye kamba. Alidhani hiyo ndiyo salamu ya Kenya nzima. Akainama kidogo akajibu, "Bwakire buya!" Mama akanigeukia akiwa amejaa machozi ya furaha. Akaninong'oneza kwamba hawa ni watu wa heshima.

Baada ya hapo, ndugu yangu, mambo yalijipanga kwa namna ambayo hata mimi ilinitisha. Mama aliuliza kama kwao ni milimani. Nikatafsiri, na Mama Liseti akasema ni milima mitupu, nyumba zimening'inia, barabara zinajikunja. Mama akaitikia kwa kichwa, ndivyo Nyaboke alivyomwambia. Akauliza habari za ndizi. Akajibiwa ndizi ziko kila ua. Mvua? Nyingi kuliko wanavyohitaji. Hapo sikusema uongo hata kidogo, niligeuza maneno kama yalivyokuja. Akauliza kwa nini wameweza kuja Jumamosi wakati watu wa kwao wengi ni Wasabato, nikamwambia hawa ni Wakatoliki, na hilo pia ni kweli.

Taabu ilianza kwenye safari. Mama aliuliza walichukua muda gani njiani, na Mama Liseti akasema mwendo wa saa tatu hivi. Mama alishika kifua. Kisii hadi Nairobi kwa saa tatu! Akataka kujua ni kampuni gani ya basi, asije akaipanda, dereva wa namna hiyo anatafuta kuua watu. Mimi nikatafsiri kwamba mama anauliza kama safari ilikuwa nzuri. Mama Liseti akasema ilikuwa nzuri sana, walilala kidogo, kisha wakaletewa chakula. Mama akasema watu wa Kisii wameendelea kuliko wanavyosemwa.

Kuanzia hapo nikawa napika maneno. Mama Liseti aliposema wanakula samaki kila siku, niliacha kama ilivyo, na mama akajijibu mwenyewe kwamba kweli, Kisumu ni karibu. Aliposema Liseti alijua kuogelea baharini kabla ya kujua kusoma, bahari nikaigeuza mto. Aliposimulia mazishi ya baba yake mzazi, jinsi kisiwa kizima kilivyokuja, nilisema kijiji kizima. Nilikuwa natokwa na jasho na baridi yote hii. Liseti alikuwa ananitazama. Kiswahili ulichomfundisha ni kingi kuliko ulivyoniambia, nadhani alikuwa ameshaanza kugundua, lakini ni msichana mwenye adabu, akakunja mikono akaniachia.

Nyaboke hakuwepo asubuhi kwa sababu yeye mwenyewe ni Msabato, alikuwa kanisani. Saa nane na nusu akaingia akiwa amevaa suti yake ya kanisa, mkononi sufuria ya chinsaga, zile mboga chungu za Kisii, aliyoipika Ijumaa kabla jua halijazama. Akawasalimia wageni kwa Ekegusii, lugha ya kwao Kisii. Si salamu tu, alimwaga maneno, nadhani alikuwa anawauliza ukoo na mahali kwao palipo. Mama Liseti akajibu kwa yale maneno mawili aliyojifunza mlangoni, kisha akatabasamu tu. Nyaboke akajaribu tena, polepole. Halafu akaweka sufuria mezani akanigeukia, "Wee Shiku, hawa wageni si watu wetu. Hawa umewatoa wapi?"

Mama aliniuliza kwa Kikuyu, bila kupandisha sauti, hawa ni watu wa wapi. Nikamwambia ni wa kisiwani. Nikarudia, kisiwa, mama, wewe ulisikia Kisii. Nchi yao ni visiwa, iko katikati ya bahari, Wachira yuko huko, na Liseti amezaliwa huko. Liseti alitoa simu akafungua ramani akaiweka mapajani mwa mama. Mama akaona bahari ya buluu tupu. Akauliza nchi iko wapi. Liseti akasukuma kwa vidole viwili, akasukuma tena, mpaka kikatokea kipande cha kijani kidogo kama punje ya choroko. Mama akasogeza uso karibu na kioo. Aliuliza, na hili ndilo swali alilouliza, wewe umesimama wapi hapo.

Akarudisha simu kwa adabu, akainuka, akaenda chumbani akafunga mlango. Kuna jambo la dakika hizo nimeliruka, nitalirudia kabla sijamaliza.

Mama alipokuwa ndani, Mama Liseti aliniuliza kwa Kiingereza nilikuwa namwambia mama nini tangu asubuhi. Nikamweleza yote. Sikuona haja ya kuficha tena. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema alikuwa ameshajua kuna kitu, maana mama alishika kifua wakati yeye anazungumzia safari, na safari haikuwa na cha kutisha. Aliniachia makusudi. Alikuja Nairobi akitafuta sababu ya kukataa, na mimi nilikuwa namtengenezea. Liseti alikuwa analia kimya kimya kwenye leso. Nyaboke akamshika bega akamwambia ale kwanza, mambo mengine yatafuata.

Ilipita kama robo saa. Mama akatoka. Alikuwa ameosha uso, na mkononi ameshika picha, ile ya mjomba Muriuki akiwa na suruali pana mbele ya studio. Sisi tuliambiwa mjomba Muriuki alikufa kwa malaria kabla hatujazaliwa. Wachira, hakufa kwa malaria. Hakuna anayejua kama alikufa. Mama alitusimulia, mimi, wageni na Nyaboke, kwamba mwaka wa themanini na saba ndugu yake alipanda basi kwenda Kitale kutafuta kazi, akaandika barua moja, na hakuandika ya pili. Mama alimfuata. Alimtafuta Kitale, akamtafuta Eldoret, akaenda Webuye kwa sababu mtu alisema amemwona mtu anayefanana naye. Alitafuta miaka mitatu, siku zote za mapumziko yake. Alisema nchi hii ni kubwa mno, kwamba ilimmeza ndugu yake hali wote wawili wakiwa ndani yake. Akasema ndiyo maana alitaka wakwe wa basi. Alitaka angalau mahali anapoweza kwenda kutafuta.

Kisha akanitazama akaniuliza kama safari hii nitatafsiri sawasawa. Nikasema ndiyo. Akasema nimuulize Mama Liseti, kwao mtu akipotea wanamtafuta kwa siku ngapi.

Mama Liseti alitaka kucheka, akaona mama hatanii. Akavua miwani. Akasema kwao mtu hawezi kupotea hata akitaka. Nchi nzima, pamoja na visiwa vyote, watu wake hawafikii hata watu wa Makadara hii yetu. Mwanamume akinywa Jumamosi, Jumapili kabla ya misa ameshaambiwa alilala kwenye baraza ya nani na viatu vyake viko wapi. Wewe ulipofika huko mara ya kwanza, kabla hata hujamjua Liseti, yeye alikuwa ameshasikia kuna Mkenya fundi umeme anayekula chapati peke yake kwenye ngazi za hoteli. Msichana akimpenda kijana wa hapo, kazi ya kwanza ni kuwauliza bibi wazee wote kama si ndugu. Akasema siku ukichelewa kurudi nyumbani, watu watatu watakuuliza kulikoni kabla hujafungua mlango.

Nilitafsiri yote hayo, sikuacha hata ngazi za hoteli. Na mama, Wachira, alianza kucheka. Alicheka kicheko ambacho sijakisikia siku nyingi, akajifuta macho kwa ncha ya leso yake, akasema nimuulize tena ile ya viatu.

Lakini Mama Liseti alitaka asikike na upande wa pili. Akasema udogo huo una uchungu wake. Mume wake alimwacha akaenda kuishi na mwanamke wa nyumba ya tatu kutoka kwake, na miaka ishirini yeye na mwanamke huyo wamenunua samaki kwa mvuvi yule yule, wamepiga foleni moja, wamekaa kanisa moja. Hakukuwa na pengine pa kwenda. Ijumaa alipovuka Jogoo Road kwa miguu, watu wanampita kila upande na hakuna hata mmoja aliyemgeukia, mwanzo aliogopa kwamba hapa mtu akianguka hataokotwa. Halafu akagundua amenyoosha mgongo. Alitembea mpaka karibu na Muthurwa bila sababu. Akasema angekuwa amezaliwa Nairobi angehama mtaa mwaka ule ule, akaanza maisha mengine Kayole na hakuna ambaye angemuuliza. Mama alimwambia hiyo ni kweli, hapa Eastlands kuna watu wameanza maisha mara nne.

Walizungumza hivyo hadi saa kumi na moja, mmoja anataka kujua nchi ndogo inakaa vipi, mwingine anataka kujua nchi kubwa inakaa vipi, na mimi katikati nikigeuza maneno mpaka koo likakauka. Wakati fulani mama aliuliza kama ndani ya kisiwa kuna basi. Akaambiwa lipo, linazunguka. Akasema basi sharti lake limetimizwa, yeye hakusema basi lazima lianzie Nairobi. Nyaboke alipiga makofi. Mama Liseti alimaliza chinsaga yote na kuomba aandikiwe namna ya kuipika, na Nyaboke ameshajitangaza kwamba Desemba atakaa upande wa bibi harusi, maana harusi iliyotajiwa Kisii haiwezi kukosa Mkisii. Jibu la mama alilitoa akiwa amesimama, ameshika mkono wa Liseti. Alisema Wachira akae huko anakoonekana. Mama Liseti naye akasema binti yake ameridhika, na yeye ameshindwa kupata sababu aliyoifuata. Liseti alilia tena, safari hii kwa sauti.

Sasa ndugu yangu, nirudi kwenye lile nililoliruka.

Mama alipoinuka kwenda chumbani, sisi sote tukijua kwamba mambo yamekwisha, mimi nilifurahi. Sina neno lingine la kuweka hapo. Sikuogopa presha yake wala sikumhurumia Liseti aliyekuwa analia mbele yangu. Nilifurahi kwa sababu uchumba unavunjika na wewe utarudi nyumbani. Na nikitazama nyuma, tangu Februari nilikuwa nangoja jambo hilo. Nilijua siku moja mama atagundua mbele ya wageni, nilijua atakataa, na nilikaa kimya nikaacha siku hiyo ije. Presha ilikuwa kisingizio.

Miaka sita umekuwa huko. Mimi ndiye ninayepiga foleni ya kliniki naye, ndiye ninayejua vidonge vya asubuhi na vya jioni, ndiye niliyekataa uhamisho wa kazi mara mbili kwa sababu kila barua ya uhamisho ilipofika mama alianza kushika kichwa. Na kila ukipiga simu Jumapili, unamaliza kwa kuniambia, "Shiku, mtunze mama." Kila Jumapili. Siku nyingine naweka simu mezani natamani kuitupa dirishani. Nilitaka wewe pia urudi ushike sehemu yako, hata kama ni kwa kuvunjiwa furaha yako. Ndivyo nilivyokuwa, na umeoa au hujaoa unastahili kulijua. Nisamehe. Liseti hakunikosea chochote, naye nimeshamwomba msamaha.

Nilidhani hilo lilikuwa siri yangu. Jumapili baada ya kanisa tulikuwa tunachagua maharagwe mezani, mama hakuinua kichwa, akaniambia kwamba jana aliniona. Alipofika mlango wa chumbani aligeuka aniite nikamtafutie kitambaa chake cha kichwa, maana alikuwa anajiandaa kuwasindikiza wageni waende zao. Akaniona natabasamu. Nilikuwa nimeshika chupa ya chai, natabasamu. Alisema aliingia akakaa kitandani akasahau habari za kisiwa kabisa. Alijiuliza ni nani aliyemfundisha binti yake kufurahia harusi ya ndugu yake ikivunjika, na hakupata mtu mwingine ila yeye. Alisema alimtafuta Muriuki kila mahali, na alipokosa kumpata akarudi akatushikilia sisi, na aliyebaki mkononi ndiye aliyebanwa.

Nililia juu ya maharagwe. Naye akasema jambo ambalo sikulitarajia hata kidogo. Alisema presha anayo, daktari hakudanganya, lakini kichwa hakikuwa kinauma siku zile barua za uhamisho zilipofika. Aliogopa, akaona kichwa ndicho kitanizuia. Akanitazama usoni akaniambia alizika mume, akauza mitumba Gikomba miaka ishirini na mbili, na alikuwa anaijua njia ya kliniki kabla mimi sijajua kuvuka barabara. Akauliza ni nani aliyeniambia yeye ni mgonjwa wa kulindwa. Kisha akasukuma sinia upande wangu, akasema nimechagua vibaya, kuna mawe.

Uhamisho wa tatu ulikuwa umekuja Mei, wakati ule ule wa habari zako, na sikukuambia. Ni wa kupanda cheo, niwe mkuu wa wakalimani katika mahakama ya Kapenguria, kule mbele ya Kitale. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kukataa, iko kwenye mkoba. Jana asubuhi niliichana, nikaandika ya kukubali, nikaipeleka ofisini kwa mkono wangu. Naripoti tarehe moja Julai. Nyaboke atakuwa anaingia kumwona mama asubuhi na jioni, ingawa mama anasema yeye ndiye atakayekuwa anaenda kumwona Nyaboke.

Basi nisikuchoshe. Mama anakusalimu sana. Amekaa hapa kando, ananiuliza ninaandika nini kirefu namna hii, nami nimemwambia ni salamu. Amesema niongeze yake, kwamba uoe, ule vizuri, na Desemba mje wote wawili na Mama Liseti pia. Nyaboke anakusalimu, anasema yeye na watu wote wa Kisii wanakungoja. Msalimie kila unayemjua huko, na kwa ninavyosikia hao ni watu wote. Mungu akulinde, na amlinde Liseti njiani.

Na ukipiga simu Jumapili, usiniambie nimtunze mama. Niulize habari zangu. Nitakuwa nazo.

Dada yako akupendaye,
Shiku